Besiboli: Detroit walipaswa kumtoa kinda mkubwa Julai ili wapate mrushaji wa kweli. Naomba tujadili

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Siku tatu sijaandika kitu humu kwa sababu matokeo yale bado yananiuma: Seattle 3, Detroit 2, raundi 15 (kawaida ni 9), mchezo wa 5 wa mchujo wa baada ya msimu, usiku wa Oktoba 10, 2025. Leo niseme linalonikaa kooni. Mimi naamini mchezo ule ulipotea Julai 31, siku dirisha la usajili lilipofungwa.

Nianze na tulivyouona. Niko Detroit, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vipuri. Mechi ilianza saa 2 usiku kwa saa za huku, na mapumziko yetu ni saa 4. Tulikuwa wanne mezani, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mmoja wetu ni mzee aliyestaafu kiwandani akarudi kufanya kazi hapa, mtu anayeifuata Tigers, timu yetu ya Detroit, zaidi ya miaka 50. Tarik Skubal alikuwa anarusha, na sijawahi kuona mkono kama ule: wapigaji 13 amewatoa kwa straiki (mipira mitatu iliyowashinda), saba kati yao mfululizo. Alipomaliza raundi ya 6 alikuwa ameshatupa mipira 99 na Detroit wako mbele 2-1. Ikajulikana harudi uwanjani. Mzee akavua kofia, akaiweka mezani, akaniuliza: "Sasa anaingia nani?" Na mimi sikuwa na jibu.

Raundi ya 7 Seattle wakasawazisha. Tukarudi kazini, kila mmoja na sikio lake kwenye simu. Saa 7 usiku ikaingia wakiwa bado 2-2. Raundi ya 15 Jorge Polanco akapiga mpira chini kuelekea kulia, mwenzake akafika kituo cha nyumbani, alama ya tatu, tumekwisha.

Sasa tazameni upande wa pili. Seattle walipoona warushaji wao wa akiba wamekaukiwa, waliwatoa nani? Logan Gilbert, halafu Luis Castillo. Wote ni warushaji wa kuanza, watu wa kubeba mechi nzima. Castillo ndiye aliyeandikiwa ushindi. Na huyo Castillo Seattle walimnunua kutoka Cincinnati mwishoni mwa Julai 2022 kwa makinda wanne, akiwemo Noelvi Marte aliyekuwa akihesabiwa kinda wao bora. Wakati ule watu walilia kwamba bei ni kubwa mno. Mwaka huohuo Seattle wakaingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2001, na miaka mitatu baadaye mkono uleule umetufungia mlango sisi.

Detroit nao Julai hii walinunua. Walimleta Chris Paddack, Charlie Morton, Kyle Finnegan, Rafael Montero, na wengine. Finnegan alisaidia kweli, sitamkosea haki. Lakini Paddack aliishia kwenye akiba, na Morton aliachwa hata kabla msimu haujaisha. Walinunua wengi wa bei nafuu kwa sababu hawakutaka kugusa makinda wao wakubwa, Kevin McGonigle na Max Clark. Wakati huo walishampoteza Jackson Jobe kwa upasuaji wa kiwiko, na Reese Olson kwa bega. Julai mwanzoni waliwaacha wapinzani wao wa kundi, Cleveland, michezo 15 na nusu nyuma. Msimu ukaisha Cleveland wako juu: 88-74 kwa 87-75 (mechi walizoshinda na walizofungwa).

Hoja yangu: timu ikishakuwa na mkono kama wa Skubal, na mkataba wa Skubal unaisha baada ya 2026, inunue mrushaji mmoja mzito, ilipe kinda anayeuma. Nawakaribisha.

#2 Mdau wa Dar

Mkuu, asante kwa uzi. Sisi wa mpira wa miguu tunaufuata mchezo huu kwa mbali, naomba ufafanuzi. Kwa nini wanalipana makinda? Huku dirisha dogo likifunguliwa klabu inapeleka fedha, mchezaji anakuja, basi. Na je, mtu mmoja anayecheza kila baada ya siku tano anaweza kweli kubadilisha msimu?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Dar, maswali yote mawili ni ya msingi.

Huku hakuna ada ya uhamisho kama mnayoijua. Timu zinabadilishana mikataba. Timu inayoshinda ina haja na mtu leo, timu inayofungwa ina haja na mtu wa mwaka 2028. Basi anayeshinda anatoa kijana aliye ligi ndogo, anayefungwa anatoa mkongwe. Na kijana ana thamani kubwa kwa sababu akishapanda ligi kuu, timu inammiliki karibu miaka sita kabla hajawa huru kujiuzia, na miaka mitatu ya mwanzo analipwa kidogo sana. Kwa hiyo ukimtoa kinda umetoa miaka sita. Ukimpokea mrushaji ambaye mkataba wake unaisha mwaka huohuo, umepokea miezi mitatu. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Swali la pili. Msimu una mechi 162, na timu inazungusha warushaji watano wa kuanza. Mtu mmoja kati ya watano haonekani mkubwa. Lakini Oktoba, wakati wa mchujo, kuna siku za mapumziko kati ya mechi, kwa hiyo timu inabaki na watatu, wanne. Yule uliyemnunua anapanda kutoka moja ya tano hadi moja ya tatu. Na kila raundi anayobeba yeye ni raundi ambayo mkono wa mtu wa akiba umepumzika. Mkono wa mrushaji unachakaa kama kamba ya ndoo ya kisima. Haukatiki siku unayouona umechakaa. Unakatika ndoo ikiwa imejaa.

Jambo moja zaidi: zamani ungeweza kununua hata Agosti kwa njia ya mzunguko, yaani mchezaji alipitishwa kwanza kwa timu nyingine. Tangu 2019 mlango huo umefungwa. Dirisha likipita, umebaki kuokota walioachwa na timu zao.

#4 Mdau wa Boston

Ndugu yangu, nakuelewa unavyoumia, ila nimeishi Boston miaka mingi na hapa jina moja linatosha kumnyima mtu usingizi: Jeff Bagwell. Agosti 1990 Red Sox, timu ya hapa, walikuwa wanaongoza kundi lao, wakataka mrushaji wa akiba. Wakamchukua Larry Andersen kutoka Houston, wakamtoa kijana Bagwell aliyekuwa ligi ndogo. Andersen alirusha raundi 22 hapa, akarusha vizuri sana. Kisha Oakland wakawafunga Red Sox mechi nne kwa bila, na Andersen akaondoka. Bagwell alipiga homurani 449 (mipira ya kuvuka uzio wa uwanja) akiwa Houston, akawa mchezaji bora wa ligi 1994, na 2017 akaingia Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Raundi 22 kwa maisha mazima ya mtu, mkuu. Na wewe uko Detroit, mji wa Doyle Alexander na John Smoltz. Ningetegemea wewe uwe wa kwanza kuogopa.

#5 Mdau wa California

Naungana na wa Boston. 2014 nilikuwa Oakland. Tulikuwa na rekodi bora kuliko timu zote mwezi Julai. Tukawachukua Jeff Samardzija na Jason Hammel kutoka Cubs wa Chicago, tukatoa kinda wetu Addison Russell. Haikutosha, Julai 31 tukamchukua Jon Lester kutoka Boston, tukamtoa Yoenis Céspedes. Warushaji watatu! Mwisho wa msimu tumeshuka hadi 88-74, mechi moja ya mtoano Kansas City. Lester yuko mlimani (mahali pa kurushia), tunaongoza 7-3 raundi ya 8. Tukafungwa 9-8, raundi 12. Miaka miwili baadaye Russell anabeba kombe na Cubs. Mimi tangu siku hiyo nikisikia "mrushaji wa Julai" nazima redio.

#6 Mwanzisha uzi

Wakuu, mmeleta mifano mizito na sitaikwepa. Nianze na wa California kwa sababu wake una jibu ndani yake. Oakland walinunua warushaji, sawa, lakini Lester walimlipa kwa Céspedes, mpigaji aliyekuwa akicheza kila siku katika timu ileile iliyokuwa ikishinda. Umeng'oa jino unalotafunia ili upate jino lingine. Mimi nasema lipa kwa kijana aliye ligi ndogo, usilipe kwa mtu anayekupa ushindi wa wiki hii. Makosa ya Oakland yalikuwa hayo. Na mechi ya Kansas City ilivunjika baada ya Lester kuchoka na wa akiba kushindwa kulinda, yaani ugonjwa uleule uliotuua sisi Ijumaa.

Sasa Detroit 1987. Ndugu wa Boston, umenigusa pale pale, na naomba unipe nafasi niandike kwa urefu, kwa sababu naamini hadithi hii inasimuliwa nusu.

Nusu inayosimuliwa: Agosti 12, 1987 Tigers wanamchukua Doyle Alexander, miaka 36, kutoka Atlanta, wanamtoa John Smoltz, kijana wa miaka 20, mzaliwa wa hapa hapa Michigan. Smoltz anashinda mechi 213, anaingia mwishoni na kulinda ushindi wa nyingine 154, anapata Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 1996, anabeba kombe 1995, anaingia Jumba la Mashujaa 2015. Yote kweli.

Nusu inayosahaulika: siku anatolewa, Smoltz alikuwa 4-10 kwenye timu ya Glens Falls ya ligi ndogo na alikuwa anaruhusu zaidi ya alama 5 kila raundi 9. Detroit ilikuwa timu ya watu wazima. Darrell Evans alikuwa na miaka 40. Alan Trammell, Lou Whitaker, Jack Morris, Kirk Gibson, wote walikuwa kwenye kilele na kilele hakikai. Alexander alianza mechi 11. Rekodi yake ikawa 9-0, kila raundi 9 akiruhusu wastani wa alama 1.53. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzee wetu wa ghalani aliniambia habari ya wiki ya mwisho mpaka chai yake ikapoa. Toronto wako mbele michezo 3 na nusu na wamebakiza mechi 7. Septemba 27, mjini Toronto kwenyewe, Alexander anarusha zaidi ya raundi 10 peke yake, mechi inakwenda 13, Detroit 3-2. Wangefungwa pale, pengo lingekuwa michezo 4 na nusu na habari ingeishia hapo. Toronto hawakushinda tena hata mechi moja. Wikendi ya mwisho wakaja Detroit, kwenye uwanja wa zamani pale kona ya Michigan na Trumbull. Ijumaa Alexander tena, 4-3. Jumamosi 3-2, raundi 12. Jumapili Frank Tanana, 1-0, na bao lile moja ni homurani ya Larry Herndon. Mzee alikuwepo Jumapili hiyo, upande wa nyuma ya kushoto, na akisimulia mpira wa Herndon ulivyopanda ananyanyua kiganja polepole mpaka kinapita kichwa chake, kinabaki pale juu, halafu hasemi kitu kwa muda.

Hesabu: Detroit 98-64, Toronto 96-66. Tofauti michezo miwili. Toa ushindi 9 wa Alexander, weka mtu wa kawaida anayeshinda 6. Toronto ndio mabingwa wa kundi.

Ndiyo, Minnesota waliwatoa Detroit 4-1 kwenye mchujo na Alexander alifungwa mara mbili. Ndiyo, 1989 alimaliza 6-18 na timu ikafungwa mechi 103. Lakini niambieni: mtoto aliyekaa uwanjani Jumapili ile na baba yake, angepewa nini badala yake? Detroit haikurudi kwenye mchujo hadi 2006. Miaka 19! Wengi waliokuwepo pale hawakuona tena. Timu ikiwa na nafasi, nafasi ile ni mali ya watu wanaoingia uwanjani mwaka ule pia, si ya vitabu vya takwimu peke yake.

Na mfano ambao naupenda kuliko yote: Milwaukee 2008. Tangu 1982 hawajaingia mchujo. Julai wanamchukua CC Sabathia kutoka Cleveland, wanajua wazi mkataba unaisha na hawawezi kumbakiza. Mechi 17, 11-2, wastani wa alama 1.65, mechi 7 alizimaliza mwenyewe. Mwisho wa msimu aliomba kurusha mara tatu mfululizo akiwa na siku tatu tu za kupumzika, wakati soko la mikataba linamngoja na mkono ndio mtaji wake. Waliingia mchujo. Philadelphia waliwatoa, na Shane Victorino alimpiga Sabathia homurani ya wachezaji watatu njiani, nne kwa mpigo. Nendeni Milwaukee mkaulize kama wanajuta. Kinda mkubwa waliyemtoa, Matt LaPorta, hakuwa nyota. Aliyekuja kung'ara ni Michael Brantley, aliyeongezwa baadaye kukamilisha mapatano. Hata wenye kazi hiyo hawakujua ni yupi.

#7 Mdau wa Boston

Umeandika vizuri, na habari ya Sabathia imenigusa. Lakini umenisaidia mimi pia. Kama wenye kazi yao hawajui ni kinda yupi atang'ara, basi kila ukimtoa mmoja unacheza na macho yamefungwa. Na sisi tulipata 2018 kwa bei ya chini: Nathan Eovaldi kutoka Tampa Bay, tukamtoa Jalen Beeks peke yake. Eovaldi huyohuyo aliingia akiba mechi ya 3 ya World Series, fainali yenyewe, ile ya raundi 18, akatupa mipira 97. Tulifungwa usiku ule, wenzake wakalia kwa heshima yake, na tukabeba kombe. Unaweza kupata mkono bila kuuza nyumba.

#8 Mwanzisha uzi

Nakubali Eovaldi. Angalia lakini: alikuwa mrushaji wa kuanza mwenye mpira wa kasi kubwa, aliyetoka kwenye upasuaji ndiyo maana bei ilishuka. Boston waliona uzito ambao wengine hawakuuona. Detroit Julai hii waliona bei nafuu, wakaichukua bei nafuu. Morton alikuwa na miaka 41, na Paddack alikuwa anapigwa Minnesota tangu mwanzo wa msimu. Hapo hapakuwa na uzito uliofichwa.

Tena tuseme ukweli kuhusu soko. Tangu 2022 timu 12 zinaingia mchujo, kwa hiyo Julai timu nyingi bado zina matumaini na wauzaji ni wachache. Anayengoja bei ishuke atangoja sana. San Diego walitaka mkono wa Mason Miller, wakamtoa Leo De Vries, kijana aliyekuwa na miaka 18 na akitajwa kati ya makinda bora duniani. Philadelphia wakamchukua Jhoan Duran kwa makinda wawili. Hayo yalifanyika siku zilezile ambazo sisi tunatangaziwa Morton.

#9 Mdau wa Lansing

Mkuu, tuko jirani, mimi niko Lansing. Swali la moja kwa moja kwa sababu naona unalizunguka. Kama wewe ndiye mwenye kalamu Julai 31, ungemtoa McGonigle?

#10 Mwanzisha uzi

Jirani, umenibana vizuri, na sitakwepa.

McGonigle hapana. Nimemtazama anavyopiga: hakimbilii mpira mbaya, na mkono wake unafika kwa wakati hata akirushiwa kitu ambacho hakukitarajia. Mtu wa namna hiyo anayecheza katikati ya uwanja ni vigumu kumpata, na Detroit ingemhitaji hata 2026 Skubal akiwa bado yupo. Huyo ni wa kusaidia dirisha hilihili tulilonalo.

Clark ningemtoa. Najua alichaguliwa wa 3 nchi nzima 2023, najua watoto wa mtaani kwangu walikuwa wanavaa jina lake 2025 na alikuwa hajacheza hata mechi moja Comerica Park, uwanja wa Tigers. Ningemtoa pamoja na mtu mwingine, ningechukua mrushaji wa kuanza mwenye angalau miaka miwili kwenye mkataba, ili 2026, mwaka wa mwisho wa Skubal, wawe wawili. Ningepigiwa kelele na labda miaka kumi baadaye mngenitumia video za Clark akikimbia uwanja wa kati wa timu nyingine. Ningezipokea.

Ijumaa ile raundi ya 7 mzee asingeuliza anaingia nani. Jumatatu nimemkuta kazini, kofia ileile kichwani, anapanga masanduku ya breki. Akaniuliza kama nimeshaangalia ratiba ya Machi.